Bunduki ya kwanza ya shabaha: .22 au sentafaya, na pesa ya kuboresha uiweke wapi

Mtu kashapata kibali, kashajiunga na klabu, ana pesa ya bunduki moja na anataka ya shabaha, ile ya kutoboa karatasi tundu juu ya tundu. Akiuliza tu anamwagiwa makaliba na majina ya bunduki mpaka kichwa kinauma, na kila anayemshauri anamshauri ile aliyonayo yeye. Mimi nitalinganisha chache na nasema msimamo wangu mapema ili usione nimekuzungusha: bunduki ya kwanza nzuri ni ile unayoweza kuilisha. Yenyewe unainunua mara moja, risasi unanunua maisha yote, na shabaha haiji kwa kumiliki inakuja kwa kupiga. Mwenye bunduki ya kawaida na risasi za kutosha atampita mwenye bunduki ya ajabu anayepiga risasi kumi kwa mwezi halafu anairudisha kabatini kuipaka mafuta.

Kwa hiyo mpambano wa kwanza kabisa sio CZ na Tikka (kampuni za bunduki), ni rimfaya, yaani risasi kama .22 ambayo pini inaigonga ukingoni, na sentafaya, ambayo pini inaigonga katikati ya kitako cha ganda.

.22 LR dhidi ya wakubwa

.22 LR ni risasi ya tangu 1887 na mpaka leo ndo inapigwa Olimpiki kwenye mita 50, ambako duara la kumi lina upana wa milimita 10.4 tu, kwa hiyo yule anayekwambia ni ya watoto mwache aendelee. Teke lake ni kama halipo. Mtutu wake ukitunzwa unakula makumi ya maelfu ya risasi, yaani kwa mtu wa kawaida hauishi. Tena inapiga kelele kidogo (vaa kinga za masikio hivyohivyo) na viwanja vingi vifupi vinaikubali wakati sentafaya vinaikataa.

Ila watu wengi hawajui kwamba .22 ni mwalimu mkali. Risasi inatoka taratibu, inakaa ndani ya mtutu muda mrefu kuliko ya sentafaya, kwa hiyo ukishtuka au ukiachia triga kwa pupa au ukiinua kichwa haraka uone umepiga wapi, karatasi inakusema. Na upepo nao hauihurumii: upepo wa ubavuni wa kama mita 4.5 kwa sekunde, ule wa kutikisa vijitawi, unaisukuma sentimita 10 mpaka 12 hivi kwenye mita 100, ambapo 6.5 Creedmoor kwenye umbali huohuo inasogea sentimita moja na nusu hivi. Ukiipeleka .22 mpaka mita 200 unasoma upepo kwa shida ileile wanayoipata wenzako wa sentafaya mbali kabisa, ila wewe kwa gharama ya chai. Ndo maana hata watu wa masafa marefu wanakuwa na .22 ya mazoezi.

Ubaya wake upo pia. Huwezi kujaza ganda lake upya mwenyewe nyumbani, unachokuta dukani ndo hichohicho, na .22 ina tabia ya kuchagua risasi ambayo nitairudia huko chini. Na kama klabu yako inapiga mita 300 kwenda juu tu, basi mjadala umeisha, chukua sentafaya.

Huko kwenye sentafaya wanaogombaniwa ni watatu. .308 Winchester, ya 1952, ina sifa ya mtutu unaodumu, risasi 5000 na zaidi, na risasi zake zipo kila mahali. Ila inapiga teke, na mwanzaji anayepigwa teke anajifunza kuogopa, akishajifunza kuogopa kumfundisha upya ni kazi ndefu. Tena kwa mbali inachoka mapema: ile risasi maarufu ya Sierra ya greni 168 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), ambayo ilibuniwa kwa ajili ya mashindano ya mita 300, ikikaribia mita 900 inashuka kwenye spidi ya sauti na inaanza kuyumba, sio kosa lake, haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

6.5 Creedmoor ilitolewa na Hornady 2007 na ilibuniwa kwa karatasi tangu mwanzo: risasi ndefu nyembamba inayopasua upepo, teke dogo kuliko la .308, na inakaa juu ya spidi ya sauti mpaka kupita mita 1000. Gharama yake ni mtutu, kati ya risasi 2000 na 3000 hivi usahihi unaanza kupungua. Kwa anayepiga wikiendi mojamoja hiyo ni miaka, kwa mwenye hamu kali ni misimu miwili mitatu halafu unalipia mtutu mwingine.

Halafu kuna .223 ambayo watu wanaiona ndogo wanaipita, nami nadhani ndo sentafaya ya kwanza yenye akili zaidi kwa wengi. Risasi zake nafuu kuliko za hao wawili, teke ni la kubembeleza, mtutu unadumu vizuri, na ukiwa na mtutu wenye mzunguko wa inchi 8 au 7, yaani michirizi ya ndani inazunguka mara moja kila inchi 8 au 7, inashika risasi nzito za greni 69 mpaka 77 ambazo zinafika mita 500 bila aibu. Kabla hujanunua uliza huo mzunguko! Ukichukua wenye mzunguko wa 12 umenunua bunduki ya risasi nyepesi, zile nzito zitatua kwa ubavu na utatafuta mchawi.

Jambo lingine ambalo linamaliza ubishi bila kelele ni mashindano. F-Class, mashindano ya karatasi ya masafa marefu ya kupiga ukiwa umelala na skopu, kwenye daraja la F-TR wanaruhusu .223 na .308 peke yake, kwa hiyo ukinunua 6.5 utapelekwa F-Open ukakutane na watu wenye mashine za kilo 10. Angalia kwanza klabu yako inashindana nini halafu ndo uende dukani.

Kama huna uhakika bado: .22. Kama una uwanja wa mita 300 mpaka 600: .223. Kama mbali zaidi ya hapo ndo kila wiki kwenu na pesa ya risasi ipo, 6.5. .308 namwachia mwenye F-TR kichwani, au aliyerithi maboksi ya risasi.

Ukishaamua .22, ipi?

Hapa bunduki nzuri zipo nyingi kweli, tofauti ni tabia. CZ 457 inapendwa kwa sababu mtutu unatoka nyumbani kwa kulegeza skrubu, triga inarekebishika tangu kiwandani, na ile ya MTR ina chemba (pale risasi inapokaa) ya mashindano, yaani iliyobana ambayo risasi inaingia na kugusa michirizi kabisa. Inapiga vizuri ikiwa safi na risasi nzuri, ila chemba ya hivyo ikichafuka unaanza kusukuma bolti (kile kipande cha kuingizia risasi na kufungia chemba) kwa nguvu na risasi ambayo haijapigwa kuitoa inakuwa mbinde.

Tikka T1x ina bolti laini sana na triga ambayo sioni kwa nini mtu aibadilishe. Kitako chake cha plastiki ni chepesi na cha chini, ukiweka skopu kubwa shavu linaelea hewani. Lakini kuna siri tamu: kasha lake (ule mwili wa chuma unaoshika bolti na mtutu) linakaa kwenye vitako vya T3x, ile kubwa ya sentafaya, kwa hiyo ukinunua chesisi (kitako cha chuma kinachorekebishika) leo kwa ajili ya .22 kesho inaweza kubeba Tikka ya .223 au 6.5, ukibadilisha tu sehemu ya magazini. Kwa mtu anayejijua ataishia kwenye sentafaya, mimi hii ndo ningemwambia.

Ruger Precision Rimfire inakuja na kila kitu kinachorekebishika, urefu wa kitako, kimo cha shavu, mpaka safari ya bolti unaweza kuifanya ndefu ifanane na ya bunduki kubwa. Kwa familia ya watu wenye mikono tofauti inayotumia bunduki moja hii haina mpinzani. Mtutu wake kwa karatasi tupu hautamzidi CZ mwenye chemba iliyobana, ndo unachokipoteza. Bergara B-14R imejengwa kwa umbo la Remington 700, ile ya 1962 ambayo dunia nzima inaitengenezea vipuri, kwa hiyo triga na vitako vya 700 vinaingia. Nzuri, nzito, na bei inajua hivyo.

Na usisahau Anschütz za mkono wa pili. Vijana wa klabu za mita 50 wanapanda ngazi wanauza za zamani, zile za mfumo wa 54, na nyingi zina triga ambayo hutaipata kwenye bunduki mpya za bei hiyo. Tatizo ni kwamba nyingi ni za risasi mojamoja, kitako kinafanana na mguu wa meza ya kizamani, na kufunga skopu kunaweza kuhitaji msingi maalumu. Kama unapiga karatasi tu ukiwa umelala, chukua ufunge mdomo. Kama unataka mashindano ya kukimbizana na vizuizi na magazini, achana nayo.

Upande wa sentafaya nitapita haraka kwa sababu hadithi ni ileile: Tikka T3x CTR kama unataka kununua na kupiga bila kugusa kitu, Howa 1500 kama pesa ni ndogo na unataka mtutu mzito na triga ya hatua mbili, Savage kama unajua siku moja utabadilisha mtutu mwenyewe kwa sababu ile nati yake inayoshika mtutu inarahisisha, na Ruger Precision Rifle, ile ya 2015, kama unataka chesisi kamili tangu siku ya kwanza. Remington 700 ni ya anayefurahia kujenga kuliko kupiga. Hakuna ubaya, ila ajijue.

Nunua kamili au nunua rahisi ujenge?

Hili ndo linakula watu pesa. Mtu anachukua bunduki ya bei ya chini yenye mtutu mwembamba, anasema nitaiboresha polepole, triga leo, kitako mwezi ujao, halafu akijumlisha keshapita bei ya ile kamili aliyoikataa na mtutu bado ni uleule mwembamba. Na akiuza hakuna anayemlipa hayo maboresho, mnunuzi anaangalia jina la bunduki tu.

Lakini upande wa pili nao una hoja. Ukinunua kamili unakuwa umelipia mawazo ya mtu mwingine kuhusu mwili wako, na kitako cha chesisi cha kilo nyingi unaweza ukakichoka siku ukitaka kupiga umesimama. Njia ninayoiona ya kati: vitu vigumu kubadilisha vinunue sahihi tangu mwanzo, yaani mtutu mzito, chemba nzuri, na kasha la bunduki ambalo vipuri vyake vipo. Kitako na triga vinaweza kuja baadaye au visije kabisa.

Skopu, na hapa tukae kidogo

Kuna watu wanatoa pesa yote kwenye bunduki halafu skopu wanachukua iliyobaki mfukoni. Skopu mbovu haikuambii kuwa mbovu, inakuacha unadhani wewe ndo hujui kupiga. Kwa hiyo tenga pesa ya skopu kabla ya bunduki, na kama lazima upunguze mahali basi punguza zumu, mara 12 au 16 inatosha kabisa kwa karatasi ya kuanzia.

Mil au MOA, vile vipimo vya pembe vya kurekebishia skopu? Chochote ambacho wenzako uwanjani wanatumia, ili mtu akikwambia sogeza kushoto nukta tatu usianze kufanya hesabu. MOA moja ni milimita 29 kwenye mita 100, kliki ya robo MOA inasogeza 7 hivi. Mil moja ni sentimita 10 kwenye mita 100, kliki ya 0.1 ni sentimita moja. Anayepima kwa mita ataona mil inaingia kichwani yenyewe, lakini kwa karatasi ya kuwinda milimita, ile kliki ndogo ya MOA ina raha yake.

Swali lingine ni mistari ya ndani, ile inayokua pamoja na picha unapozumu au ile inayobaki palepale. Kama umbali wako unajulikana na haubadiliki, inayobaki palepale ni nafuu, ni nyembamba, haifuniki kumi. Kama unapiga shabaha za umbali mchanganyiko na kupima kwa mistari, chukua inayokua, maana vipimo vyake ni vya kweli kwenye zumu yoyote. Nimeona watu wakibishana hili kwa masaa kana kwamba ni dini.

Ambacho hakibishaniwi ni paralaksi. Kwa .22 hakikisha kitasa cha paralaksi kinashuka mpaka mita 25 au chini, maana skopu nyingi za sentafaya zinaanzia mita 50 na kwenye umbali mfupi utaona picha ina ukungu, halafu ukisogeza jicho kidogo alama nayo inahama. Na kama .22 yako itakwenda mbali, weka reli yenye mwinamo wa MOA 20, bila hivyo vitasa vitaisha kupanda kabla hujafika.

Ukishaifunga, ipime. Piga, panda kliki kadhaa, piga, nenda kulia, piga, shuka, piga, rudi kushoto, piga. Ya mwisho isiporudi palipokuwa pa kwanza irudishe dukani siku hiyohiyo.

Maboresho: nini kabla ya nini

Kabla ya kununua chochote kaza skrubu. Kweli. Za kasha na kitako, za reli, za pete za skopu, kwa bisibisi ya kupima mkazo na kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, sio kwa hisia za mkono. Bunduki nyingi zinazosemekana zimeharibika mtutu zina skrubu imelegea.

Kisha kifuko cha mchanga cha nyuma. Kitu rahisi kuliko vyote kwenye orodha na ndicho kinachotuliza bunduki kuliko bipodi (miguu miwili ya mbele) ya bei mbaya. Bipodi nayo chukua ya kueleweka, Harris zipo miaka mingi na hazina maneno. Halafu shavu: kama jicho halikai kwenye skopu bila kunyoosha shingo, funga pedi ya shavu hata ya povu na kamba, haipendezi lakini inafanya kazi.

Baada ya hapo, risasi. Hili ndo boresho kubwa kuliko yote kwa .22 na watu wanalikwepa kwa sababu halionekani kwenye picha. Chukua aina tano sita, boksi moja moja, CCI Standard, SK, Eley, Lapua, zote za spidi ya kawaida. Zile za spidi kubwa ziache, zinatoka juu ya spidi ya sauti, ambayo ni kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, halafu zinaishuka njiani kabla ya kufika na hapo ndo zinayumba. Kila mtutu una chaguo lake, hata mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti, na hata risasi ya jina lilelile ikibadilika namba ya toleo inaweza kubadilika tabia. Ukipata toleo lililokubali, nunua kwa wingi unaoweza.

Na unapolinganisha usidanganywe na kundi la risasi tatu. Risasi tatu zinaweza kukaa tundu moja kwa bahati, kisha zinapigwa picha na kuwekwa kwenye pochi milele. Piga kumi kwa kila aina, upige tena siku nyingine, ndo ulinganishe. Bunduki inayosemwa ni ya nusu MOA mara nyingi ikipigiwa kumi inakuwa ya MOA moja, na hakuna aibu hapo, ndo ukweli wake.

Triga inafuata, na mara nyingi hiyo uliyonayo inarekebishika, soma kitabu chake kwanza. Ukiishusha isizidi kile mtengenezaji alichoruhusu, na ukimaliza hakikisha bunduki ni tupu, funga bolti kwa nguvu mara kadhaa na ugonge kitako kwenye kitu laini, ikifyatuka yenyewe umeishusha mno. Kitako au chesisi ni baada ya triga, na faida yake kubwa ni kukutosha mwilini kuliko kupunguza kundi. Mtutu mpya ni mwisho kabisa.

Vile vizito vya kufunga mdomoni mwa mtutu vya kutuni mtikisiko wa mtutu, mimi siwezi kukutia hamasa, watu wengi wanaona tofauti kwa sababu wamepiga makundi madogo madogo ya bahati. Mazolbreki, vifaa vya mdomoni vya kupunguza teke, kwa .22 ni pambo tu, na kwa .223 jirani yako kwenye mstari atakuchukia.

Ukinunua ya mtu

Kwanza makaratasi, uhamisho wa umiliki ufuate sheria ya kwenu hatua kwa hatua, hata kama muuzaji ni rafiki. Halafu angalia mdomo wa mtutu kwa tochi, mkwaruzo kidogo pale mwisho unatosha kuharibu usahihi. Angalia vichwa vya skrubu, vikiwa vimeliwa ujue kuna fundi wa jikoni kapita. Kwenye sentafaya uliza imepiga risasi ngapi na za aina gani, ikiwa 6.5 na anasema "chache tu" huku maganda yamejaa ndoo mbili, kata bei ya mtutu mpya. Kwenye .22 idadi haina uzito sana, angalia zaidi mahali pini inapogonga ukingo wa chemba, maana waliokuwa wakifyatua bunduki tupu kwenye baadhi ya bunduki wameacha kovu pale na risasi zinaanza kuingia kwa shida. Kisha omba kupiga kumi kwa risasi zako mwenyewe kabla ya kulipa, na muuzaji akileta visingizio mara uwanja umefungwa mara skopu haijawekwa sawa, mwambie utarudi ikishawekwa sawa.